Namna ya Kugandisha Breki kwa Maji Safi

Wapo watu wanaoharibu magari yao kwa gharama kubwa. Wanajaza petroli kwenye injini ya dizeli, wanakatiza Jangwani wakati Msimbazi umefurika, wanamwazima shemeji gari la kupelekea harusi Kilosa. Mwongozo huu si wao. Huu ni wa mwenye gari wa kipato cha kawaida anayetaka aamke asubuhi, awashe injini, aweke giya, akanyage mafuta, na gari ligome kuondoka kama limeota mizizi, ilhali hakuna kifaa hata kimoja kilichovunjika. Mahitaji ni matatu: maji, hendibreki na subira. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, bahari itakuchangia bure. Ukiwa Dodoma itabidi ujitahidi zaidi, ila usikate tamaa.

Anza na kuosha. Siku nzuri ni Jumamosi, na saa nzuri ni ya jioni, jua likishapoa, ili gari lisipate nafasi ya kukauka kabla usiku haujaingia na unyevu wake. Asubuhi kweupe usijaribu. Ukiosha saa tatu, halafu ukazunguka nalo sokoni, msibani na ukweni, utakuwa umepoteza maji yako bure.

Maji yenyewe yachague. Sehemu nyingi za kuoshea magari Dar zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vya mji huu vina chumvi isiyohitaji mtaalamu wa kuithibitisha. Ukinawa uso tu, midomo inakuambia. Hayo ndiyo maji yako. Watu hudhani chumvi inakitafuna chuma yenyewe. Hapana. Kutu ni shughuli ya umeme mdogomdogo: sehemu moja ya chuma inaachia elektroni, sehemu nyingine oksijeni ya hewani inazipokea, na maji ndiyo njia inayoziunganisha sehemu hizo mbili. Chumvi inaipanua hiyo njia. Kazi ambayo maji ya mvua yangeifanya kwa siku mbili, maji ya kisima cha pwani yanaweza kukumalizia mapema zaidi, na upepo wa bahari ukaongezea ladha.

Sasa mwachie kijana mashine ya presha. Yeye hahitaji kufundishwa, kwa sababu anajua kwamba mwenye gari hakagui kapeti wala chini ya viti, anakagua rimu. Kwa hiyo atapiga goti moja chini, ataingiza bomba katikati ya matundu ya rimu, na utaona uji mweusi unatiririka kuelekea mtaroni. Uangalie vizuri uji ule. Ni pedi zako na diski zako, zilizosagika tangu ulipoosha mara ya mwisho: unga wa kaboni, gundi iliyoungua na chembe za chuma. Rimu itatoka inang'aa. Nyuma yake, diski imelowa uso mzima, pedi zimelowa, na kama magurudumu ya nyuma ni ya dramu, kama ilivyo kwa Vitz, Probox na ndugu zao wengi wanaotujazia barabara, kuna maji yameshaingia ndani ya kile kikombe cha chuma na hayana haraka ya kutoka.

Hapa naomba nitoke kwenye mzaha kidogo. Kijana akimaliza atakuja na ile dawa ya kung'arisha matairi, na wengine huipuliza badala ya kuipaka kwa sponji. Ikirukia diski, hilo si suala la kuganda tena. Ni suala la kukanyaga breki na gari likaendelea na safari yake. Mwambie atumie sponji. Akishapuliza, diski ioshwe kwa kisafishio cha breki kabla hujaingia barabarani. Tumeelewana? Turudi kwenye uharibifu.

Umeshalipa, umeshampa kijana ya chai, unaondoka. Huu ndio wakati wa hatari kwa mradi wetu, maana adui wa kutu ni safari fupi. Ukiendesha kilomita mbili tatu huku ukigusa breki polepole, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, pedi zitaikwangua diski, joto litapanda, maji yatakwenda na mvuke, na utafika nyumbani na breki kavu kabisa. Usifanye hivyo. Osha jirani na nyumbani, ikiwezekana mlangoni kwako kabisa kwa mpira wa bustani, halafu lisogeze gari hatua chache tu mpaka kwenye maegesho. Breki za mwanzo utakazozigusa zitakuwa dhaifu kidogo kwa sababu ya maji yaliyo katikati, lakini kwa mwendo wa kusogea huwezi hata kugundua. Hii ndiyo sababu gari linaloishi karibu na bomba linaweza kuganda zaidi kuliko lile linaloishi mbali nalo, jambo ambalo wenye nyumba zenye visima binafsi hawapendi kuambiwa.

Umeegesha. Sasa vuta hendibreki. Usivute kistaarabu, vuta mpaka yale meno yalie yote, halafu uongeze moja la roho safi. Uwanja uwe tambarare, pasipo na mteremko hata wa kubingirisha chungwa, ili hendibreki isiwe na kazi yoyote ya maana zaidi ya kuzibana breki shuu zilizolowa kwenye dramu iliyolowa. Kisha ondoka. Siku moja inatosha kwa majaribio, ila anayetaka kazi ya kujivunia asubiri Desemba, aoshe gari liwe safi la sikukuu, aliache Dar na apande basi kwenda Moshi kuhesabiwa. Mvua za vuli zitakuwa bado zinadondoka, mwembe wa uani utaongeza unyevu, na wewe utakuwa unakula mtori huku kemia ikikufanyia kazi.

Inafanya nini hasa? Diski na dramu za gari la kawaida ni chuma cha kumimina kwenye kalibu, kile cha kijivu chenye chembe za grafiti ndani yake. Kilichaguliwa kwa sababu nzuri: kinasambaza joto vizuri, kinameza mtetemo ili breki zisipige kelele, na ni rahisi kukitengeneza. Kosa lake ni kwamba kinapata kutu kwa saa chache tu, na uso wake wa kazi haupakwi rangi wala mafuta, maana ukiupaka hautashika. Mwenye kutazama pikipiki zenye diski ataona zinabaki zinang'aa hata zikioshwa kutwa mara tatu. Nyingi ni za chuma kisichoshika kutu. Pikipiki ni nyepesi, inamudu. Gari lenye tani nzima na abiria juu linazalisha joto jingi zaidi linapofunga breki, na chuma kile kisichoshika kutu kinapitisha joto kivivu.

Kwa hiyo usiku ule ule diski inavaa vumbi la rangi ya machungwa. Hilo pekee halina shida; ukiondoka asubuhi linafutika kwenye breki za kwanza, kwa mlio wa kukwaruza, basi. Utamu upo pale pedi ilipolalia diski, au breki shuu ilipolalia dramu. Pedi si kitu kigumu kama jiwe. Ina vinyweleo vinavyofyonza maji na kuyatunza, na nyingi zina nyuzi za chuma ndani yake. Diski nzima inakauka kwa upepo, lakini chini ya pedi pamebaki maji yaliyofungiwa. Chuma cha diski kinaota kutu, nyuzi za pedi zinaota kutu, na kutu ina tabia ya kuvimba: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho. Inapanda kwenye vinyweleo, inajaza kila mwanya, na hendibreki inaendelea kubana. Ukifungua gurudumu la gari lililolala hivyo utaona umbo la pedi limechorwa kwenye diski, pembe zake zote, rangi ya kahawia iliyokolea. Alama hiyo ndiyo itakayokufanya usikie dug, dug, dug kila mzunguko kwa siku za mwanzo baada ya gari kuachia.

Asubuhi imefika. Hendibreki umeshusha, taa ya dashibodi imezimika, giya iko kwenye D. Gari linakaa kitako, pua inainuka, nyuma inachuchumaa, haliendi. Hapo ndipo utakapogundua kwamba mtaa wenu una wataalamu wengi kuliko chuo cha ufundi.

"Bosi, hiyo giyaboksi," atasema mlinzi, akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. "Kaka yangu Tabata ilimtokea hivihivi. Alinunua nyingine."

Mzee wa nyumba ya pili atatoka na redio yake. Msalimie kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mafuta ya giya uliweka yenyewe au yale ya kupimiwa?"

Utajikuta unajitetea kuhusu mafuta ya giya, wakati mafuta ya giya hayajahusika kwa namna yoyote na yalikuwa yamelala zake. Wa bodaboda atashauri ukanyage mpaka mwisho, "itaachia tu, sista." Mpangaji wa chumba cha nyuma atasema ni betri. Kila mtaa una mtu wa betri.

Mfuasi mwaminifu wa mwongozo huu atawasikiliza wote, na atatekeleza kwa mpangilio unaoongeza gharama. Akikanyaga mafuta kwa nguvu na gari likawa la kuvuta kwa mbele, magurudumu ya nyuma yaliyofungwa yatakokotwa juu ya lami na kuacha michirizi miwili, na kila tairi litapata sehemu bapa ambayo haitarudi kuwa duara. Akiona halisogei ataita lori livute kwa kamba. Matokeo ni yaleyale ila michirizi inakuwa mirefu. Wengine hufungua gurudumu na kuipiga diski nyundo pembeni, pale pale chuma kinapoweza kumeguka. Wapo wanaomwagia dizeli au ile dawa ya kulainisha nati, na kweli kutu inalainika, ila pedi na breki shuu zimeshakunywa mafuta, na pedi iliyokunywa mafuta haifai tena kazi yake hata ukiisugua kwa msasa. Huyu amefika kilele: alianza na breki zinazoshika kupita kiasi, amemaliza na breki zisizoshika kabisa.

Sina budi kuwataja pia wale waoga, wasaliti wa mwongozo huu, wanaotafuta fundi mwenye akili.

Fundi wa aina hiyo ni rahisi kumtambua kwa sababu hafungui kitu. Anafika, analizunguka gari, anainama kuchungulia katikati ya rimu, halafu anauliza swali ambalo mtaa mzima haukuliuliza: "Umeosha lini, dada?" Dada anasema Jumamosi. "Na ukavuta hendibreki?" Nikaivuta. Fundi anatikisa kichwa, anaomba kipande cha mbao. Analaza mbao kwenye ubavu wa dramu, anaigonga kwa nyundo, si kwa hasira, ko, ko, ko, anazunguka robo, ko, ko, akisikiliza. Vumbi jekundu linadondoka chini ya gurudumu, kiasi cha kijiko cha chai. Kisha anajiweka pembeni ya dirisha, kamwe si mbele wala nyuma ya gari.

"Weka rivasi. Gusa mafuta kidogo. Achia. Haya, D. Kidogo. Achia. Rivasi tena."

Inalia paa! kwa sauti ambayo inamfanya mlinzi amwage chai, na gari linatembea.

Halafu fundi anasema, "Nipe hela ya soda."

Na hapa ndipo matatizo yetu yanapoanzia. Mtu aliyeambiwa giyaboksi, aliyeshahesabu kichwani mkopo wa kikoba, akiambiwa hela ya soda haridhiki. Anahisi kuna kitu kimefichwa. Atalipeleka gari gereji kubwa yenye vigae, ambako atapewa karatasi yenye orodha ndefu, na atalala usingizi mzuri. Naamini kabisa kwamba tiba ya bei rahisi hupuuzwa mjini hapa kwa sababu hiyo tu: haina risiti. Safari ya dakika tano ya kukausha breki baada ya kuosha haina hata harufu ya utaalamu, haiuzwi na mtu, na kwa hiyo hakuna anayekukumbusha.

Ila fundi yule yule, kabla hajaondoka, atakutahadharisha jambo ambalo si mzaha. Kuachia si kupona. Endesha polepole mtaa mmoja, gusa breki mara kadhaa, kisha simama, shuka, na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuishika. Gurudumu moja likitoa joto kali kuliko wenzake, au kuna harufu ya kuungua, au gari linavutia upande mmoja, hiyo si kutu ya juu tena. Huenda kebo ya hendibreki imepata kutu ndani ya gamba lake na hairudi ukiishusha. Huenda ni silinda ndogo ya gurudumu. Kwenye breki za diski, mara nyingi ni zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake: grisi imekauka, mpira umepasuka, maji ya chumvi yameingia, na kalipa inabana bila kuachia. Dawa yake ni kufungua, kusafisha, kupaka grisi ya breki inayostahimili joto na isiyoharibu mpira, na kubadilisha mpira uliochoka. Grisi ya beringi isikaribie hapo.

Breki inayoburuta ni jambo la polepole, ndiyo maana watu huishi nayo. Mafuta yanaisha haraka na unailaumu sheli. Pedi za upande mmoja zinaisha kabla ya za upande wa pili na unamlaumu muuzaji wa spea. Lipeleke gari hilohilo Iringa ukateremke Kitonga wakati wa kurudi, au Sekenke ukitoka Singida, ndipo utaona. Joto la diski linapanda mpaka kwenye kalipa na kuingia kwenye mafuta ya breki, na mafuta ya breki yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, hata ukiwa hujafungua kifuniko. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzijoto 205. Yakishafyonza maji, kiwango hicho kinashuka mpaka 140. Ya DOT 4 yanaanzia 230 na kushuka 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, mvuke unabanika kwa urahisi, na pedeli inazama mpaka chini bila upinzani katikati ya kona, nyuma yako kuna lori la mbao. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanataka mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Waulize wenye magari kumi lini walibadilisha yao. Wengi watakujibu kuhusu oili ya injini.

Wenye hibridi, Aqua na Prius, wana bahati ya kipekee katika elimu hii. Magari yao hupunguza mwendo kwa mota inayogeuka jenereta, na pedi zinaguswa kwa nadra. Pedi zinadumu miaka, wanatamba nazo vijiweni, na wakati huohuo diski zinakaa bila kusuguliwa na kutu inajijengea makazi ya kudumu. Volkswagen, kwenye gari lao la umeme la ID.3, waliamua kurudisha dramu magurudumu ya nyuma, teknolojia iliyoonekana ya kizee, sababu mojawapo ikiwa ni hiyohiyo: breki isiyotumika inaoza, bora ifunikwe.

Swali linaloulizwa sana: sasa nisivute hendibreki kabisa? Inategemea unaishi wapi. Kwenye uwanja tambarare, gari likiwa limelowa na litalala siku kadhaa, P inatosha kwa otomatiki, giya ya kwanza au rivasi kwa manyuo, na kigingi cha mbao au tofali mbele na nyuma ya tairi moja. Mkazi wa Mwanza kwenye vilima vyake, au wa Kigali, asinisikilize. Kule P peke yake ni jino moja dogo la chuma ndani ya giyaboksi linalobeba gari zima, na hakuna anayetaka kulijaribu usiku. Huyo avute hendibreki kwanza, aachie pedeli ili uzito ukae kwenye hendibreki, halafu ndipo aweke P. Na kabla ya yote hayo, azikaushe breki zake kwa safari fupi kama mtu mwenye majirani walioko chini ya mlima. Na tofali, tafadhali.

Kuosha breki zikiwa za moto nako kuna mashabiki wake. Umetoka Morogoro, diski zinafuka, unaingia moja kwa moja kwenye presha, na maji yanatoa mvuke na mlio wa tshhh unaopendeza. Mafundi wengi hawakubaliani na starehe hiyo, kwa kuwa chuma kinachopoa ghafla upande mmoja kinaweza kujipinda au kupata nyufa. Kunywa soda kwanza. Foleni ya kuosha gari haijawahi kuwa fupi kiasi hicho.

Bado sijawasemea wauzaji wa magari, ambao ni wanafunzi wetu bora bila kujua. Muuzaji anajua mnunuzi atakuja saa nne. Saa kumi na mbili asubuhi gari linaoshwa likawa kioo, linaegeshwa kivulini, na mnunuzi anapofika na mjomba wake anayejua magari, kitu cha kwanza mjomba anachokiona katikati ya rimu ni diski nyekundu nne.

"Hili lilizama kwenye mafuriko," anasema mjomba, na kuanzia hapo bei haisimami.

Muuzaji ataapa kwa jina la mama yake, na kwa mara moja katika maisha yake anasema kweli. Kutu ile nyembamba ina umri wa saa nne. Mwenye kutaka kujua hali ya diski aombe kulizungusha gari mtaani kidogo, ashike breki mara nne tano, arudi, achungulie tena. Uso ukishang'aa, apitishe ukucha kutoka katikati kwenda ukingoni: ukingo wa nje ukiwa umeinuka na kumkwaza, diski imelika sana. Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi umepigwa muhuri kwenye diski yenyewe, milimita kadhaa baada ya herufi MIN TH, na fundi mwenye kipimo ataupima bila kubishana na mtu. Mashimo madogomadogo yaliyobaki baada ya kusuguliwa ndiyo ya kujadili bei. Wekundu wa asubuhi si wa kujadili, ingawa ukiwa mnunuzi na muuzaji halijui hilo, mjomba amwache aendelee kuapa.